Mguu wa Kulia

Ukipewa mkononi roboti ya kugeuka, ile ya kuchezea inayokunjwa ikawa gari, usianze kutazama sura yake. Itikise kwanza karibu na sikio. Ikichakacha kama kiberiti kilichobaki na njiti chache, ujue kuna kitu kimekatika ndani, au fundi wa kabla yako alibakiwa na skrubu akaona haya kumwambia mwenye mali. Baada ya hapo ishike kiunoni kwa vidole viwili, uiache miguu ining'inie. Ikianguka yenyewe kama suruali iliyokosa mkanda, kazi unayo.

Nawaambia hivi nyinyi vijana mnaonipigia simu kila wiki. "Hajati, bega limekaza." "Hajati, rangi inabanduka." Nimestaafu, jamani. Kibanda changu cha Wandegeya, hapa Kampala, kilichobanwa kati ya duka la fotokopi na saluni, sasa ni cha mtu mwingine, na magoti yangu hayataki tena kuonana na kigoda. Lakini mdomo wangu haujastaafu, kwa hiyo leo nawajibu wote kwa pamoja, mpumzike na mimi nipumzike.

Mimi nilikuwa fundi wa miavuli, zipu na masanduku yaliyopoteza vitasa. Siku moja akaja mwanafunzi kutoka hosteli za jirani, ndevu zimemjaa, ameshika gari dogo la zimamoto lililovunjika mlango. Nikamwambia, "Pole, mtoto wako ameliharibu kweli kweli." Akanijibu kwamba hana mtoto, gari ni lake. Kisha akalikunjua mbele yangu. Ngazi ikawa mkono, milango ikawa kifua, magurudumu yakajificha nyuma ya magoti, na mahali palipokuwa na injini pakatokea kichwa kinanitazama. Chapati yangu ya mayai ilipoa mezani siku ile. Nililikunja na kulikunjua mpaka mwenyewe akaanza kuogopa kwamba sitamrudishia.

Nilichopenda si roboti, wala si gari. Nilipenda ile safari ya katikati. Kuna mtu huko mbali alikaa akafikiri mlango uende wapi gari likisimama likawa mtu, na kichwa kilale wapi wakati wa safari. Vipande vinapishana kwa nafasi nyembamba kuliko ukucha, na fundi mzuri amefikiria hata unene wa rangi. Fundi mbaya husahau rangi. Roboti yake inageuka vizuri ikiwa bado haijapakwa, lakini ikipakwa inajikwaruza kila ukiikunja, na baada ya mwezi mabega yote yana vidonda. Kwa hiyo mnaponiuliza namna ya kujua nzuri na mbaya, msinitajie uzito. Wale wanaotengeneza za kuiga wamejua siku nyingi kwamba watu wa Kampala wanapenda kitu kizito mkononi, wanajaza chuma kifuani na kuacha vifundo vya miguu plastiki tupu. Roboti inakuwa na kifua cha bondia na miguu ya kuku. Wewe tazama mahali vipande vinapokutana. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, rudisha sandukuni.

Kuhusu pini, mwalimu wangu alikuwa Ssalongo, fundi wa Katwe aliyetengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, pamoja na bawaba zake. Nilimwendea baada ya kupasua bega la roboti ya watu kwa kugonga pini itoke. Alilitazama lile bega, akanitazama mimi.

"Kalibu, nnyabo. Hii umepiga upande gani?" akauliza kwa lafudhi yake ya Kiganda, nnyabo ikiwa ni mama.

"Upande uliokuwa karibu," nikasema.

Alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku ambalo rangi yake haijakauka. Alipoinuka, makalio yake yalikuwa ya bluu, nikacheka na mimi, na hapo urafiki ukaanza. Alinionyesha kwamba pini ina upande laini na upande wenye vijimeno vya kung'ang'ania. Unaisukuma kutoka upande laini, ili vijimeno vitoke kwa njia ile ile vilivyoingilia. Ukigonga upande wa vijimeno, unavipitisha kwenye plastiki yote, na plastiki inapasuka. "Wewe iko na halaka," akaniambia. "Hii chuma haina halaka." Kila nilipokwenda kwake alinikumbusha habari ya upande uliokuwa karibu, hasa wakiwapo wageni.

Na skrubu je? Skrubu inayoingia kwenye plastiki huikazi moja kwa moja. Izungushe kwanza kinyume, taratibu, mpaka uisikie inadondoka kidogo ndani ya njia yake ya zamani. Hapo ndipo ukaze. Usipofanya hivyo inachonga njia mpya, na ukiifungua mara tatu nne tundu linakuwa pana, skrubu inazunguka tu bila kushika. Ndiyo maana nilijiwekea sheria ya kutofungua nisichoagizwa. Mteja akisema mkono, nafungua mkono. Kichwa hata kikinikonyeza, sikigusi.

Plastiki iliyokaza, ipashe joto. Mimi niliazima mashine ya kukaushia nywele pale saluni. Siku moja mwenye saluni akaja kwangu amefura, nyuma yake mteja mwenye nusu kichwa kimekauka na nusu kinachuruzika maji, wote wawili wamenisimamia huku mimi nambembeleza roboti goti lake likunjike. Mteja akaingiwa na hamu ya kuona goti likikunjika, akakaa. Nywele zikakauka zenyewe kwa jua. Mafuta nayo, tumieni grisi ya silikoni na si nyingine. Mafuta ya baiskeli yanaila plastiki polepole. Na yule bwana aliyepaka roboti yake samli, sisimizi walihamia kifuani na familia zao zote.

Ile plastiki ya dhahabu inayometameta, ya zamani, msiiguse bila sababu. Inazeeka ikiwa imekaa kimya kwenye rafu, halafu siku ukiikunja inamegeka kama biskuti. Mteja atasema umeivunja wewe, na huna la kujitetea. Kiungo kilicholegea, paka ndani yake rangi ya kucha isiyo na rangi, acha ikauke kabisa, rudia. Sasa najua mna mashine za kuchapa plastiki na kipande kilichopotea mnakichapa jioni mnakifunga asubuhi. Nazipenda mashine hizo. Ila kipande kipya kikitoka, bado kitakutana na kile cha zamani, na kukutana huko hakuna mashine ya kukufanyia.

Sasa niwaeleze kuhusu Afande Ocen, maana jambo kama lake nanyi mtakutana nalo, tena si katika plastiki.

Kwetu tumezungumza Kiswahili nyumbani tangu zamani. Babu wa babu yangu alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa. Mnajua mji huu ulivyo: ukisema Kiswahili kilichonyooka, watu wanakaa sawa, wanadhani wewe ni askari au una askari nyumbani. Muuza nyanya mmoja wa Kalerwe alinipunguzia bei bila mimi kuomba, akaniita Afande, nikamwitikia. Kwa hiyo nilikijivunia sana Kiswahili changu. Niliwasahihisha watu barabarani, hata waliokuwa wananisaidia kubeba mzigo.

Afande Ocen alikuja Ijumaa moja, miaka yangu ya mwanzo na roboti, wakati bado nilijua miavuli kuliko magoti. Alikuwa dereva mstaafu wa polisi, mtu wa kaskazini, mrefu, amevaa miwani myeusi kama wanavyopenda askari, nikadhani ni mikogo tu. Alifungua leso, akanitolea lori zuri sana, zito la halali, lile linalosimama likawa roboti mwenye mabega mapana.

"Mama, nataka utengeneze hii mguu ya kulia," akasema. "Jumapili naitaka. Jumapili mchana kabisa."

"Mguu wa kulia, Afande," nikamsahihisha.

"Ndiyo. Hiyo."

Akaondoka. Nikafungua mguu wa kulia, na huo tu, kwa ile sheria yangu. Sasa sikilizeni. Roboti kubwa zina kigurudumu chenye meno ndani ya nyonga na goti, na springi inayosukuma ulimi wa chuma kwenye meno hayo. Ukikunja, inalia: tak, tak. Kila mlio ni mahali mguu unapokubali kusimama. Mguu wa kulia ulikuwa unalia sana, tena umekaza. Nikaujaribu wa kushoto kwa kidole bila kuufungua. Ulikuwa kimya, laini kama shingo ya mtoto anayesinzia. Nikasema, aha, Afande ni mtu mzima, vidole vimechoka, anataka huu nao uwe laini kama mwenzake. Nikakata springi kidogo, nikapaka grisi, nikafunga. Miguu ikawa mapacha. Nilijipongeza kwa soda.

Jumapili Afande alifika jua likiwa kichwani. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akalichukua lori, akalikunjua haraka kuliko mwanafunzi yeyote niliyemwona. Kisha akakunja mguu wa kushoto. Kimya. Akakunja wa kulia. Kimya. Akarudia, sikio lake limeinama kwenye roboti.

"Mama," akasema, "umeua hata ile nzima."

Nikamwambia nimetengeneza mguu wa kulia kama alivyoagiza. Akanigeuzia roboti, akagonga mguu wa kushoto kwa kidole. "Mguu ya kulia ni hii! Ndiyo inatakiwa kulia. Imekataa kulia. Nilikuambia tengeneza hii mguu ya kulia!"

Jamani. Mimi niliyekunywa Kiswahili pamoja na maziwa ya mama yangu nilisikia upande. Yeye, kwa Kiswahili cha kambi ambacho hakina muda na mambo mengi, alisema mguu unaopaswa kulia. Na alisema vizuri tu. Sikio langu ndilo lililokuwa na majivuno.

Nilianza kucheka, nikaona yeye hacheki. Ndipo akavua ile miwani. Macho yake yalikuwa yananitafuta, yanapita karibu na uso wangu bila kutua.

"Naona kivuli tu," akasema. "Kama mtu ndani ya moshi. Hii lori naikunja kwa masikio. Ikilia najua nimefika. Ikinyamaza, sijui niko wapi."

Akanieleza upesi, maana alikuwa na muda mfupi. Lori lilikuwa la binti yake, Aber, aliyekuwa akikusanya roboti tangu alipokuwa anasoma hapo chuo kikuu cha jirani. Aber alikuwa amekwenda nchi za Ghuba kufanya kazi, akamwachia baba yake roboti zote. Kila Jumapili saa kama hii, akitoka kazini, anapiga simu ya video, na baba anamgeuzia lori hili, huku wanataniana nani mwepesi. Hajui habari ya macho. Akijua ataacha mkataba katikati arudi nyumbani kumtunza, na mpango wake wa kurudi na kitu cha kufungulia duka la roboti hapa Kampala utakufa.

"Huyo mtoto mimi namjua," akasema. "Ataacha yote. Atapanda ndege kesho."

Nikamwambia tusipokee simu, tuseme mtandao umekataa. Akasema hajawahi kukosa Jumapili hata moja, na akikosa ndiyo Aber atajua. Nilikuwa nimeshachukua bisibisi kufungua ule mguu, springi nzima naitafuta kwenye kopo, na simu ikalia. Hiyo nayo ilijua kulia.

Msinicheke. Nilishika simu mbele yake ili uso wake uonekane, nikamnong'oneza, "Wewe kunja tu. Mimi nitalia."

"Baba!" Sauti ya Aber ilikuwa kubwa, ya furaha. "Leo uko wapi? Nani ameshika simu?"

"Niko Wandegeya, kwa fundi. Mama huyu ananisaidia."

"Shikamoo, Mama. Haya Baba, anza, nakuona."

Afande akaanza. Alipofika kwenye nyonga nikagonga ulimi kwenye kaakaa: tak. Akajua amefika, akashuka kwenye goti. Tak. Tulikwenda vizuri, na mimi nikaanza kujiona fundi mkubwa, mdomo umejaa mate. Aber akacheka upande wa pili. Kisha akaacha kucheka.

"Baba, hiyo roboti yako ina wazimu? Inalia mbele ya wewe kukunja. Na macho yako mbona hayaangalii mikono?"

Afande akaacha kukunja. Mimi nikameza mate.

"Baba," akasema Aber, polepole sasa, "mimi leo navaa nguo rangi gani?"

"Si ile ya kazi? Ya bluu."

Mimi nilikuwa naiona ile simu kwa pembeni. Msichana alikuwa amevaa gauni la njano, la njano kabisa kama ndizi iliyoiva, na kitambaa cha njano kichwani. Hata mwenye saluni, aliyekuwa amesimama mlangoni kusikiliza mambo yasiyomhusu, alijifunika mdomo.

"Tangu lini, Baba?"

"Kidogo kidogo. Tangu ile mvua kubwa."

Nilingoja kelele. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mbele ya mteja, kwa sababu mtu alitaka kitu kimoja tu kilindwe na mimi nilikuwa nimekivunja kwa masikio yangu na kukimalizia kwa ulimi wangu. Aber hakupiga kelele.

"Kesho unaenda kwa daktari ya macho," akasema. "Shangazi atakupeleka. Atanipigia mkiwa huko ndani, niongee na daktari mimi mwenyewe."

"Nitaenda. Lakini wewe usirudi. Aber, nakuomba, usiache kazi."

"Nani amesema narudi? Ulifikiri mimi mtoto bado? Namaliza mkataba, halafu narudi, na duka nafungua, na wewe utakaa mlangoni na hiyo miwani yako, watu waogope kuiba." Akaisogelea simu yake. "Sasa maliza lori."

"Siwezi. Milio imekufa. Huyu Mama ameiua yote mbili."

"Basi nitalia mimi," akasema Aber.

Na akalia. Nasema kwa maana zote, maana mimi ndiye niliyeshika simu. Afande alikunja bega, na kutoka upande wa pili ikaja: tak. Akakunja kiuno. Tak. Safari hii mlio haukumtangulia, kwa sababu mtoto alikuwa anaangalia mikono ya baba yake na si kitu kingine. Kwenye mguu wa kushoto hakuna mlio uliokuja kwa muda. Afande alingoja, kidole kimetulia kwenye goti, hakuharakisha, wala hakuuliza. Halafu tukamsikia akivuta pumzi, na mlio ukaja, umelowa. Tak. Lori likakaa juu ya meza yangu, magurudumu yote chini, milango imefungwa sawa.

Simu ilipokatika nikamwambia Afande aniachie lori. Springi nzima ninayo, nikamwambia, na katikati ya wiki miguu yote miwili italia kama siku ilipotoka kiwandani. Yeye alikuwa ameshaanza kulifunga kwenye leso.

"Hapana, Mama," akasema, huku akikaza fundo. "Iache kwanza hivi. Jumapili iko mtu ya kulia."